Kata Juu ya Kichanja

Binti yangu wa pili amenunua mashine ya kuoshea vyombo. Anaishi Dar es Salaam, kazi zinambana, na mimi sina neno. Fedha ni zake na mikono ni yake. Nilipokwenda kumtembelea akanipa darasa la kuipanga. Sahani zisimame huku chini, vikombe viiname kule juu, visu vitazame chini usije ukajichoma, na chombo cha mti au cha kibuyu kisiingie kabisa. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo yote nilifundishwa wewe hujazaliwa." Akacheka. Asubuhi yake akanikuta nimefungua ule mlango, ninanusa vikombe kimoja kimoja, vimeshaoshwa na bado vina joto. Hakucheka tena. Akauliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta miwani.

Ninanusa vyombo, ndiyo. Ni miaka karibu hamsini sinywi maji ya mtu kabla pua yangu haijatangulia. Majirani zangu hapa Kizwite wananiita bibi wa madoido, eti najidai mzungu. Waache waseme, mdomo haulipiwi kodi. Wao hawajui, na watoto wangu hawajui, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mmoja, na huyo amekwisha kufa.

Niliolewa miezi michache baada ya watu wetu kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kaengesa. Zamani kila ukoo ulikuwa na kilima chake na kisima chake. Ikaja amri, yakaja malori, watu wakashushwa na kuku wao na mitungi yao kwenye uwanda wenye upepo usio na huruma, nyumba zikapangwa mistari kama watoto wa shule. Sisi Wafipa tumezoea kulima matuta yetu ya mviringo, kila mtu na majani yake anayoyafukia, kila mtu na siri yake ya ulezi. Sasa mlango wako ukawa unatazama mgongo wa nyumba ya mwenzio. Ukikaanga kitunguu, kijiji kizima kinajua.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya kuhama alikataa kupanda lori. Alitembea kwa miguu tangu alfajiri, kabeba kichwani miti ya kichanja chake cha vyombo, kwa sababu alisikia huko tuendako miti hakuna. Watu walimcheka njia nzima. Lakini kichanja kile kiliposimama nyuma ya jiko, hakuna aliyecheka. Kilikuwa na vitako viwili vya kuwekea vyombo, cha chini na cha juu, na pembeni vijiti vya kutundikia vikombe. Wageni walipelekwa kukiona, nawaambia kweli, kama mtu anavyopelekwa kuona ndama aliyezaliwa.

Na masharti yake! Chombo kizito chini, chepesi juu. Kisu kilale, makali yageukie upande wa ukuta. Sufuria iiname, maana chombo kinachotazama mbinguni kinangojea kinyesi cha ndege. Chombo cha kulia kisiguse chombo cha kufulia. Halafu vibuyu. Kwa vibuyu alikuwa mkali kuliko padri. Kibuyu kilichotiwa pombe ni cha pombe mpaka kipasuke, cha maziwa ni cha maziwa, cha chumvi ni cha chumvi. "Bati linasahau," aliniambia kwa Kifipa wiki ya kwanza ya ndoa yangu, "kibuyu hakisahau. Ukikiosha unakiosha ngozi tu, tumboni kina kumbukumbu zake."

Niliitikia, "Ndiyo, mama." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kila kitu.

Kilichoniuma ni hiki: kila nilipomaliza kupanga, alikuja nyuma yangu akapanga upya. Anainua sahani, anaigeuza kidogo, anairudisha. Anachukua kikombe cha kijiti hiki, anakipeleka kijiti kile. Nilikuwa nasimama pale mikono inanidondoka maji, moyo unanichemka. Nilikuwa sijashika mimba, na mwali ambaye hajashika mimba hana sauti katika nyumba ya watu. Kosa moja tu linatosha kumfanya mtu aulize kama hakukuwa na binti mwingine kule alikotoka. Basi nikaapa kwamba kichanja kile nitakishinda.

Na nikakishinda. Kazi za shamba la kijiji zilipoanza, wanawake tulipika uji kwa zamu, nyumba kumi kwa nyumba kumi, na sisi tulipopangiwa zamu vyombo vya wote vilikuja kuoshewa kwetu kwa sababu ya kile kichanja. Nilisugua kwa majivu na mchanga mpaka masufuria yakawa yanaonyesha sura ya mtu. Siku moja wanawake wakasimama mbele yake wakapiga vigelegele vya utani. Mmoja akasema, mama mkwe akisikia, "Lo! Mkwe amempiku mwenye nyumba!" Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yeye alitabasamu, akaingia ndani.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kupanda mahindi. Mbegu za kijiji zilikuwa zimeletewa dawa ya maji kwenye debe, ya kuzuia wadudu, na jana yake wanaume walizichanganya kule ghalani. Mtu wa ghala alihitaji kitu cha kuchotea. Akaomba kata kwa mwanamke wa kwanza aliyepita, kata ya kibuyu kama kata zote, akachotea dawa kutwa nzima. Asubuhi akairudisha kwa kuiweka juu ya lundo la vyombo vichafu lililokuwa uani kwetu. Kule vilimani kila mwanamke aliijua kata yake kama anavyomjua mwanawe. Pale kijijini, nyumba kumi zimechanganya vyombo, kata ilikuwa kata tu.

Nilipoishika, niliinusa. Nataka hili lieleweke, maana ndilo jambo lenyewe. Sikuipitia kwa haraka. Iliniingia puani, harufu kali kama mafuta ya taa lakini yenye utamu mbaya ndani yake, nikageuza uso. Nikafikiri kuna mtu ameijazia taa. Mwanamke mwenye akili angeiweka kando akaita, "Jamani, kata hii ya nani?" Mimi nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikaisugua kwa majivu. Nikaisugua kwa mchanga. Nikaimwagia maji ya moto, nikaisugua tena mpaka vidole vikaniuma. Harufu ikapungua, ikabaki kama ya mbali. Nikainua kichwa, nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni mwa jiko na ungo mkononi, ananitazama. Hakuja. Hakugeuza kitu. Nikajisemea, ahaa, leo amekubali. Nikaiweka ile kata kitako cha juu, mbele kabisa, iiname vizuri, jua liipige.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu kijijini, jirani wa nyumba ya tatu. Alinizidi miaka michache. Alishazika watoto wawili, akabaki na kasichana kamoja ka miaka mitatu hivi, kalikokuwa na tabia ya kusimama mlangoni kwetu na kuniita "mama mdogo" kabla hata sijakaona. Siku ile kalikuwa na mafua, hivyo jirani hakwenda shambani mapema. Alikuja nako mgongoni kuomba uji. Nikamwambia achote. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha bati kijitini.

"Acha hicho," nikamwambia, "kitamchoma mdomo. Chukua kata hii, nimeisugua mwenyewe." Nikampa kwa mikono miwili.

Uji ulikuwa wa moto. Akakaa kwenye kigogo, akampulizia mtoto. Mtoto akaonja, akakunja uso, akageuzia kichwa kifuani mwa mama yake. "Unanuka," akasema.

Jirani akaniangalia. "Uji umeungua?"

Mwenyezi Mungu, muda ulikuwepo. Ulikuwepo wa kutosha mtu kusema neno moja. Lakini mimi nilifikiria wanawake wale, na vigelegele vyao, na mama mkwe mlangoni. Nikasema, "Ni moshi tu. Kuni mbichi."

Jirani akamrudishia mtoto ile kata mdomoni. "Kunywa, mama. Ni moshi tu."

Akanywa. Siyo wote, lakini alikunywa.

Jua halijafika utosini alianza kutetemeka. Kwanza tulidhani homa. Kisha macho yakageuka, mwili ukakaza, povu likatoka, na jirani akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Baba wa mtoto akaitwa kutoka shambani, akampakia mama na mtoto kwenye baiskeli, akaisukuma mbio kuelekea zahanati, na zahanati ilikuwa mbali. Nikabaki uani. Ile kata ilikuwa chini, karibu na kigogo. Nilitaka kuiokota nikashindwa. Walirudi alasiri kwa miguu, wakiikokota baiskeli. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga mpaka kichwani, nikaelewa kabla hawajafika.

Mganga wa zahanati alikuwa amenusa mdomo wa mtoto akauliza kama kijijini kuna dawa ya mbegu. Basi baada ya maziko balozi wa nyumba kumi akatuita. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake chini. Mtu wa ghala aliitambua kata, akasema kwa sauti ya kulia aliirudisha panapooshewa vyombo, alidhani wataijua. Balozi akauliza, "Nani aliosha vyombo asubuhi ile? Hakusikia harufu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hata leo sijui kingetoka nini.

"Niliosha mimi," mama mkwe akasema. Alikuwa amesimama kabla yangu. "Vyombo vya nyumba yangu ninaviosha na kuvipanga mimi, nani asiyejua? Sikusikia harufu. Pua zangu ni za kizee. Mkwe wangu alichukua alichokikuta kichanjani."

Wakamwamini. Nani angekosa kumwamini? Kijiji kizima kilijua hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kusema neno la mwisho pale. Balozi akasema ni bahati mbaya, ni kazi ya Mungu, dawa zifungiwe. Lakini wanawake hawakusema ni bahati mbaya. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kula kwetu. Kukiwa na msiba au ubatizo, mama mkwe akikaa kumenya viazi, aliye karibu naye anasogea. Kiazi alichomenya yeye kinachukuliwa kimyakimya kinatupiwa kuku. Yeye alikuwa anaona. Baada ya mwezi alikivunja kichanja chake mwenyewe, kwa shoka, akapikia maharage miti aliyoibeba kichwani tangu kilimani. Vyombo vyetu vikawa vinalala kwenye tenga.

Mimi nilishika mimba mwaka uleule. Nikazaa, nikazaa tena. Jirani alikuja kunikanda, alinibebea maji, aliwaita wanangu wanawe. Yeye hakuzaa tena. Na katika nyumba ile yenye furaha ya watoto, mimi nilikuwa nasikia vitu. Upepo wa kiangazi ukivuma mchana, nilisikia kata ikigonga mti wa kichanja, ko, ko, ko, na kichanja hakipo. Nikiwa nimeinama jikoni nilisikia "mama mdogo" mlangoni. Ninageuka, mwanga mtupu. Mara nyingine ilikuja harufu yenyewe, katikati ya ibada, katikati ya soko, nikatapika watu wakasema mimba nyingine hiyo. Niliogopa watoto wangu kunywa uji. Niliuonja kila kikombe. Mume wangu alisema nimerogwa, na mimi nikamwacha aamini hivyo, maana kurogwa kulikuwa na heshima kuliko ukweli.

Kila siku ilikuwa siku ya kusema. Ningeweza kwenda nyumba ya tatu nikamwambia, "Niliinusa, nikakudanganya." Ningeweza kuwaambia wanawake wale wamrudishie mama mkwe wangu kisu na viazi vyake. Sikusema. Niliogopa kurudishwa kwetu, baadaye nikaogopa kwa ajili ya watoto, baadaye nikaogopa kwa sababu nilishachelewa mno. Woga una uzazi, jamani. Huo wangu ulinizalia kuliko nilivyozaa mimi.

Miaka ikapita, vijiji vile vikalegea, sisi tukahamia mjini. Mume wangu akafariki. Mama mkwe alipokuwa hawezi tena kusimama, nilimchukua nikamweka kwangu hapa Kizwite, nikamwogesha na kumlisha kwa mkono wangu. Watu walinisifu, mkwe wa kupigiwa mfano. Kila sifa ilikuwa inanichoma. Mchana mmoja nilikuwa namsugua miguu kwa maji ya uvuguvugu, yeye kaegemea ukuta, macho yamefumba, nikaona nikimwacha afe bila neno nitakuwa mnyama. Nikamwambia, "Mama, nashukuru. Siku ile ulinibebea. Niliosha mimi ile kata. Niliinusa."

Hakufumbua macho. "Unanishukuru nini?"

"Ulinibebea mzigo wangu."

"Nani alikubeba wewe?" Sauti yake ilikuwa kavu kama zamani. "Kata ile niliiona nilipopita ghalani, imelowa dawa. Nikarudi nikakukuta unaisugua. Nikasema moyoni, acha aiweke. Aje mwanamke wa kwanza ainuse, ampigie kelele mbele ya watu, na hao wanaomsifu wafunge midomo."

Nilikuwa nimeshika kisigino chake. Sikukiachia.

"Nilijua inanuka," akasema. "Kwamba inaua, mwanangu, hilo sikujua. Nilijua inanuka tu." Akageuzia uso ukutani. "Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukimwambia ni moshi. Nikacheka."

Alilia, machozi machache ya mtu aliyekwisha kukauka. Na mimi niliona nini? Nitasema ukweli, sina cha kuficha tena. Niliona nafuu. Kwa pumzi moja hivi niliona nafuu kubwa, kama mtu aliyetuliwa debe la maji. Kisha nikaona aibu ya ile nafuu, maana debe lilikuwa palepale, tulikuwa tu wawili tuliolishika, na mtoto alikuwa chini ya udongo vilevile. Nikamkausha miguu. Nikamwuliza kama anataka uji. Akakataa.

Alikufa wiki mbili baadaye. Jirani yangu alisafiri kutoka kijijini kuja kumzika pamoja nami, mzee kama mimi, na fimbo. Wanawake wa mtaa walikuwa wamepika, vyombo vya kukodi vimejaa uani. Nikaona yeye hali kitu. Nikamfuata nikamwuliza kama chakula hakimpendezi. Akanishika mkono akanivuta kando, nyuma ya nyumba.

"Mwenzangu, nisamehe," akasema. "Nimekuja kwa ajili yako, siyo kwa ajili yake. Nilijaribu kumsamehe yule mama, padri alinisihi, nilishindwa. Tangu siku ile siwezi kula cha mkono wa mtu, nakula nilichopika mwenyewe. Isipokuwa chako. Wewe ulinipa kwa moyo safi. Nipikie wewe, nitakula."

Nikaingia jikoni. Nilimfukuza kila mtu. Nikasonga ugali wa ulezi kidogo, nikachemsha maharage, nikachagua sahani, nikainusa, nikaiosha, nikainusa tena. Nilijiambia nikifika pale nitasema. Nikafika. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaanza kula. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Nikamnawisha mikono, akaniombea baraka, mimi na wanangu wote.

Yuko hai bado. Mwaka jana alinitumia maharage debe zima. Nimeandika haya bila kutaja jina la mtu hata mmoja, siyo lake, siyo langu, na nilijiambia nafanya hivyo kwa heshima. Lakini jirani yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, benchi moja na mimi, na akisoma hapa pa kuni mbichi hatahitaji majina.